Lango la Gidgee

Klabu ya Baiskeli ya Tarrabin
6 Oktoba 1986

Kwa Bi. Thelma Rasmussen,
Katibu wa Malalamiko,
Shirikisho la Baiskeli la Kaskazini

Bibi Mheshimiwa,

YAH: OMBI LA KUMWONDOLEA BI. LEONIE WEATHERALL SHUTUMA YA HILA

Kabla sijaomba lolote, sina budi kwanza kushukuru kwa tulilokwisha kupewa. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu klabu yetu iasisiwe, Shirikisho lako limeridhia kwamba mbio zetu za kushindana na saa zitumike kumchagua mwanamke mmoja atakayeiwakilisha kanda hii kwenye mashindano ya taifa huko pwani. Mji wenye baa moja, shule ya chumba kimoja na jua la kulainisha lami hauna mazoea ya kukumbukwa. Tumekumbukwa, nasi tunashukuru.

Naomba sasa kuwasilisha shauri lenyewe. Jumapili ya tarehe 28 Septemba wapanda baiskeli tisa, wanawake wawili wakitangulia na wanaume saba wakifuata, waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja dakika nane nyuma ya mwenzake, kutoka kinu cha upepo cha kuvuta maji kilichomo ndani ya ranchi ya Gidgee hadi stesheni yetu ya reli. Kwa desturi ya hapa mwenyeji hutangulia. Wenye mzaha husema ni ili nyoka wamwone yeye kwanza. Kwa hiyo Leonie Weatherall ndiye aliyetangulia. Aliyemfuata ni Bi. Rosalind Thwaite wa pwani, ambaye haki yanilazimu kumwita mwendeshaji hodari.

Pale njia ya ranchi inapotokea kwenye barabara kuu pana lango. Tulikuwa tumepatana na mwenye ranchi kwamba asubuhi hiyo liachwe wazi. Bi. Thwaite alilikuta limefungwa, akapoteza zaidi ya dakika tano akihangaika kulifungua, na Leonie akapata ushindi kwa tofauti ya dakika nne. Kama ujuavyo, Bi. Thwaite amelalamika kwamba Leonie alilifunga makusudi ili kumkwamisha, na ameomba Leonie anyang'anywe nafasi hiyo na afungiwe miaka miwili.

Kuhusu tabia ya mshutumiwa, naomba nishuhudie yafuatayo. Ana umri wa miaka ishirini na mitatu na hutengeneza vinu vya maji pamoja na baba yake, Norm. Mazoezi hufanya alfajiri, kabla nzi hawajaamka. Babu yake alifanya kazi ya reli nami miaka kumi na minane, na siku aliyookota pochi ya msimamizi aliirudisha kabla msimamizi hajajua kwamba imepotea. Hila haijulikani katika ukoo huo. Ingejulikana, wangekwisha kuwa na nyumba ya matofali.

Kwa hayo niliyoyaeleza, na kwa mengine ambayo kalamu yangu haikuyafikia, naomba kwa unyenyekevu shutuma hii iondolewe.

Nimebaki mtumishi wako,
Alwyn Hosking
Katibu, Mweka Hazina na Mpiga Filimbi



Shirikisho la Baiskeli la Kaskazini
14 Oktoba 1986

Bw. Hosking,

Nimeipokea barua yako. Nimesoma habari za babu yake na habari za pochi. Mahali ulipoeleza kwa nini alilifunga lango sikupaona.

Tulimpelekea Bi. Weatherall maswali manne. Je, ulilikuta lango wazi? Amejibu: Ndiyo. Je, ulilifunga? Ndiyo. Je, ulijua kwamba kuna mtu anakuja nyuma yako? Ndiyo. Kwa nini basi ulilifunga? Hapo ameandika maneno mawili: "Lilikuwa lango."

Kamati imelichukua jibu hilo kuwa ni ufidhuli. Tutakutana tarehe 7 Novemba. Pasipo maelezo mengine atafungiwa miaka yote miwili, na sababu itaandikwa kwenye jarida letu, ambalo husomwa na vilabu vyote vya nchi.

Si kawaida yangu kumwandikia mtu kumtahadharisha. Nimefanya hivyo kwa sababu, katika wote wanaoniletea maombi, wewe ndiye uliyeanza kwa asante.

T. Rasmussen



Tarrabin
20 Oktoba 1986

Kwa Bi. Verna Schirmer,
Ranchi ya Gidgee

Bibi Mpendwa,

Klabu imenituma niwashukuru kwa maandishi wote waliofanikisha mbio zetu, na jina lako ni la pili, baada ya mwenye baa aliyetoa barafu. Tunakushukuru kwa kutupa njia yako, na zaidi kwa kulilinda lango kwa nafsi yako tangu mwanzo hadi mwisho, ukiwa na miaka sabini na minne, katika joto ambalo hata mbwa walilikataa.

Nikiisha kushukuru, naomba ruhusa ya kuuliza jambo ambalo siwezi kuliuliza mbele ya watu. Leonie anashutumiwa kulifunga lango hilo ili kumkwamisha mwenzake. Nimemtetea kwa maneno bora niliyonayo, lakini katika barua nzima sikuandika sababu, kwa kuwa sababu siijui. Wewe ulikuwa pale. Ng'ombe wasingeweza kusogea ukiwa umesimama, na lango lenye mlinzi halina haja ya kufungwa.

Nilimwendea Leonie mwenyewe. Nilimkuta juu ya kinu cha shule akipaka grisi. Nikamwuliza kutokea chini, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua, kwa nini alilifunga. Akaacha kupaka, akasema, "Hata wewe, Mzee Alwyn?" Kisha akapanda juu zaidi, nami nikarudi nyumbani.

Tangu siku ile nina wasiwasi ambao naona haya kuuandika. Huwaza kwamba labda binti tuliyemlea kwenye barabara hizi aliitaka pwani kuliko alivyotaka kubaki vile tumjuavyo. Kama uliona jambo la namna hiyo, niambie tu, nami nitakoma kuandika. Kama uliona jingine, niambie upesi. Kamati inakutana tarehe 7.

Kwa heshima na matumaini,
Alwyn Hosking



Gidgee
24 Oktoba

Katibu,

Asante yako imefika, na ninakurudishia maana si yangu. Mimi langoni sikuwepo.

Kaa chini, kunywa chai yako, nikueleze polepole. Nilifika pale kukiwa bado na ubaridi, nikalifungua, nikalikaza na waya lisirudi, nikakaa ndani ya pikapu na chupa yangu ya chai nikiwasubiri wenda wazimu wako. Ikapita familia moja kwenye barabara kuu, gari linatoa mvuke kama birika, nyuma kuna mtoto mchanga. Hawakusimama, hawa watu wa mbali hawajui kwamba mtu akisimama husaidiwa. Nikaona mvuke unapotelea kule kwenye mto mkavu, halafu sikuona tena gari likitokea ng'ambo. Wewe ungefanyaje? Nikawasha pikapu nikawafuata na madumu yangu ya maji. Nikawakuta wamekaa chini ya gari, baba kashika bomba la maji mkononi analiangalia kama barua ya mahakama. Mtoto alikuwa ameshaanza kunyamaza, na unajua mtoto akinyamaza kwenye joto lile ni nini. Tulimlowesha mpaka akalia. Sijawahi kufurahia kelele kama zile.

Sasa mambo ya langoni. Mitamba yangu arobaini ilikuwa ndani ya seng'enge, kwenye kivuli upande wa pili wa malisho. Msimu huu wa kiangazi ninailisha kwa pikapu, kwa hiyo ikisikia injini inajua chakula kinakuja. Nilipoondoka, ikanifuata. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiita, Alwyn, na lango nimeliacha wazi kama mdomo. Niliijua shida hiyo nikiwa kule mtoni, mikono imejaa, siwezi kurudi. Halafu likanipita lile lori la matrela matatu la kupeleka mafuta, linaelekea hukohuko kwangu. Nikafumba macho.

Niliporudi, wapanda baiskeli wako wote wameshapita, mitamba yote arobaini iko ndani, imejipanga kwenye seng'enge inanung'unika, na lango limefungwa. Sasa nani mwingine ni mwenyeji wa kutangulia? Ni huyo mtoto wa Norm. Aliiona mitamba inakuja, akashuka katikati ya mbio zake, akafungua waya wangu, akafunga lango, akaenda zake. Na wewe unakwenda kumwuliza kwa nini.

Kwa nini hakukwambia? Mimi nadhani ninajua. Ukisema ng'ombe, mtu atauliza Verna alikuwa wapi. Wanangu wawili wana mwaka mzima wanatafuta sababu ya kunihamishia mjini, wananiambia mama umeanza kusahau. Mwezi wa nane nilimwambia Leonie hayo tukiwa tunashusha pampu, na nilimwambia kama mtu anavyoongea na upepo. Kumbe upepo una masikio. Mwandikie huyo mama wa kamati kila kitu, jina langu liweke kwa herufi kubwa. Wanangu nitapambana nao mimi, niliwazaa.

Jambo moja tu silielewi. Lango halikuwa limefungwa kwa mnyororo. Ule mnyororo mpaka uliinue lango kwa bega ndipo kulabu inaingia, na Leonie anajua, alitengeneza yeye. Nililikuta limefungwa kwa tyubu ya baiskeli, mpya kabisa, imezungushwa na kupigwa fundo kama mtu anayefunga kifurushi cha Krismasi. Hiyo hapa ninakuletea pamoja na barua. Mwenye tyubu simjui, lakini mitamba yangu ingekuwa nyama barabarani. Mtafute, umpe, mwambie Verna Schirmer anamshukuru.

Verna



Tarrabin
27 Oktoba 1986

Bibi Rasmussen Mheshimiwa,

Umefanya hisani kunitahadharisha, nami nimelipa hisani hiyo kwa kukuchelewesha. Uliniuliza kwa nini. Jibu liko katika barua ya Bi. Verna Schirmer ninayoambatisha nzima. Mwenyewe ameagiza lisifichwe neno, hata yale yanayohusu wanawe.

Nilipoisoma nilikwenda baa, mahali nisipozoea kwenda siku ya kazi, nikawakuta wote saba waliopita langoni baada ya Bi. Thwaite. Nikawauliza kama walilikuta limefungwa. Wakasema ndiyo. Nikawauliza walifanya nini. Colin Begley, mjenzi wa matangi, mtu asiyemaliza sentensi kama anaweza kuinua bega, alisema walilifungua, wakapita, wakalifunga. Nikamwuliza kama hakuona kwamba anapoteza muda wake. Akaweka glasi chini, akasema, "Alwyn, ulitaka tuliache wazi?" Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Nikawauliza kwa nini hakuna aliyeniarifu, na mmoja wao akajibu kwamba hata jua lilipochomoza hawakuniarifu.

Hivyo, Bibi Mheshimiwa, lango lile lilifungwa asubuhi hiyo na watu tisa, kila mmoja akiwa katikati ya kushindana na saa. Wanane kati yao walikuwa na mwenzao nyuma na walijua. Watu wetu hawakuliona kuwa jambo la kutajwa. Kwenye nguzo pana bango la bati lenye matundu ya risasi, limeandikwa LIACHE LANGO KAMA ULIVYOLIKUTA, na hapa hiyo ndiyo sheria ya kwanza ambayo mtoto husomeshwa, kabla ya zile za Mungu. Leonie peke yake ndiye aliyelivunja neno la bango, kwa kuwa alilikuta wazi, naye alilivunja ili kuitimiza maana yake.

Nimesema tisa, na nimehesabu sawasawa. Tyubu iliyotajwa na Bi. Schirmer haikuwa ya Leonie, wala ya mtu yeyote wa Tarrabin. Wote walikana na wakasema waliifungua na kuifunga tena kwa fundo lilelile. Imepigwa mhuri wa duka la pwani. Nadhani ni ya Bi. Rosalind Thwaite, na kwamba yeye, aliyepoteza dakika tano kulifungua lango hilo, alisimama tena kulifunga. Naomba umfikishie tyubu yake pamoja na shukrani za Bi. Schirmer. Simdai jibu. Ni shukrani tu, na shukrani isiyofika ni kama deni.

Kuhusu Leonie, nilikwenda kwake nikiwa nimetayarisha sentensi nzuri ya kuomba radhi. Nilipofika alinipa ngazi niishike. Nikaishika hadi alipomaliza kazi, na sentensi ikabaki mfukoni.

Nimebaki mtumishi wako,
Alwyn Hosking



Pwani
4 Novemba 1986

Bwana Hosking,

Bi. Rasmussen amenikabidhi tyubu pamoja na nakala za barua. Nilikuwa nimejitayarisha kukasirika tena, lakini nilipofungua karatasi harufu ya vumbi lenu ikatoka, nikakaa jikoni nisijue la kufanya na uso wangu.

Tyubu ni yangu. Naomba nikueleze ilivyokuwa, kwa kuwa katika lalamiko langu niliandika nusu tu ya mambo, na niliamini kwamba nimeandika yote.

Tuliambiwa lango litakuwa wazi. Nililikuta limefungwa, na mbele yangu vumbi la Leonie bado linaning'inia. Kulabu ilikataa. Niliivuta, niliipiga kwa pampu, niliitukana kwa maneno ambayo mama yangu hajui kwamba ninayajua. Mkono ukachanika. Muda wote huo ng'ombe walikuwa wamenizunguka, wananipumulia mgongoni na kunitazama kama wasimamizi wa mtihani. Hata hao niliwaweka kwenye lalamiko. Niliandika kwamba nilisumbuliwa na mifugo. Bi. Rasmussen ameniambia alilisoma mara mbili na hakushtuka, wala mimi niliyeliandika sikushtuka. Wewe wa Tarrabin ungelisoma mara moja ukajua kila kitu.

Lango lilipofunguka nilipita, nikapanda baiskeli, nikaanza kukanyaga. Nikasimama. Sijui nikwambie nini zaidi. Nilikuwa nimeona bango. Nilikuwa nimelikuta limefungwa. Nilirudi, kulabu ikakataa tena, nikatoa tyubu yangu ya akiba nikalifunga nayo, nikalia kidogo, nikaenda. Lile lori lilipita nikiwa nimefika tu ng'ambo ya barabara kuu. Upepo wake ulinisukuma hadi kwenye mchanga. Sikuunganisha mambo hayo mawili hadi nilipoisoma barua ya Bi. Schirmer.

Basi nilimshutumu mwenzangu kwa tendo ambalo mimi mwenyewe nililifanya dakika chache baada yake, na kwa sababu ileile. Nimeliondoa lalamiko. Nafasi ni ya Leonie. Mfikishie Bi. Schirmer salamu zangu, na umwambie kwamba tangu nianze mbio nimepewa vikombe kadhaa, lakini ni mara ya kwanza kushukuriwa.

Rosalind Thwaite



Shirikisho la Baiskeli la Kaskazini
10 Novemba 1986

Bw. Hosking,

Kamati ilikutana tarehe 7. Shutuma imefutwa, na jarida halitaandika lolote.

Nilitaraji kuifunga faili siku hiyo, lakini asubuhi hiyohiyo ilikuwa imefika barua ya Bi. Weatherall. Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa ina mistari mitatu. Anasema amesikia kwamba Bi. Thwaite alisimama akafunga, na kwamba tukitoa dakika zilizopotea pale langoni yeye hakushinda, kwa hiyo nafasi apewe mwenzake. Anasema pia angependa Bi. Schirmer asisumbuliwe.

Miaka mingi katika ofisi hii nimekuwa nikiamua kati ya watu wawili wanaoitaka nafasi moja. Kwa watu wawili wanaoikataa hatuna kanuni. Wajumbe wakaanza kugombana wao wenyewe. Nikapendekeza, na wakakubali, ifuatavyo.

Mbio zirudiwe Jumapili, 23 Novemba, Tarrabin, kati ya hao wawili tu. Lango liwe limefungwa. Kila mmoja atalifungua, atapita, atalifunga, na saa haitasimama kumngoja. Mshindi atakwenda taifa. Bi. Schirmer aombwe kulilinda lango na kuhakikisha limefungwa ipasavyo. Neno lake litakuwa la mwisho. Muda nitaushika mimi mwenyewe. Bi. Thwaite ameomba aje siku mbili mapema, na nadhani unajua anataka kufundishwa nini.

Tafadhali nifahamishe kama nilete kofia, na kama nyoka huwaona pia washika saa.

Thelma Rasmussen



Gidgee
24 Novemba

Katibu,

Jana jioni ulipita hapa langoni umezungukwa na watu wa pwani, sikupata nafasi ya kukusimulia, na wewe hukuniambia mwisho wake. Mimi nilikuwa langoni, sikuona kitu kule kwenu isipokuwa vumbi. Basi tubadilishane, nikupe nusu yangu unipe yako.

Yule Rosalind alikuja hapa Ijumaa. Nikampa kofia ya marehemu mume wangu na mkate wa nyama, nikampeleka langoni. Mara ya kwanza alilisukuma kama anasukuma basi. Nikamwambia, mwanangu, lango si adui yako, liinue kwanza, liache lipumue. Jumamosi jioni alikuwa analifungua huku anaongea. Leonie alikuja na kopo la grisi, akamwona anajifunza, akashika kulabu akaipaka grisi. Nikamwambia, wewe, unamrahisishia mwenzako. Akasema, "Kulabu ilikuwa kavu, Bi. Verna." Huyo ndiye Leonie, ukimngoja akueleze zaidi utazeeka.

Jumapili Leonie alipita wa kwanza. Alifungua na kufunga kama mtu anayevuka mlango wa kwake. Lakini akiwa ameshapanda baiskeli aligeuka kuhakikisha, na mimi nimesimama palepale na mkono juu ya kulabu. Nikamwambia nenda, limefungwa, nipo. Ndipo akaenda. Nakwambia, neno "nipo" lilinitoka na kitu kifuani.

Rosalind naye akaja, bega, kulabu, akapita, kulabu, akaenda, hata hakunitazama. Sijaona mtu mwingine wa mjini anayeweza kufanya vile. Nadhani pale langoni alimzidi Leonie. Mitamba ilisimama inaangalia. Nilikuwa nimewaambia wanangu waje washuhudie, wakaja, wakakaa kwenye pikapu. Mkubwa aliniambia jioni kwamba nimelishika lango vizuri. Habari ya mjini haikutajwa.

Sasa lete nusu yako.

Verna



Tarrabin
27 Novemba 1986

Bibi Verna Mpendwa,

Nimejaribu kuiandika barua hii mara tatu kwa utaratibu niliojifunza, na kila mara maneno yalisimama mahali pake kama askari wakati habari yenyewe imekwisha kupita. Kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa.

Mji mzima ulikuwa kwenye jukwaa la stesheni, chini ya bati. Bi. Rasmussen alisimama kwenye mstari, saa mkononi, amevaa kofia yangu ya reli kwa kuwa yake ilichukuliwa na upepo. Leonie alitokea kwanza, amelala juu ya usukani, akavuka. Bi. Rasmussen akaandika, hakutuonyesha. Leonie hakuuliza. Alikaa chini kwenye kivuli cha tangi akatazama barabara, nasi wote tukatazama anapotazama yeye.

Kisha Rosalind. Aliingia kwa kasi ambayo Colin Begley aliitolea sentensi nzima. Alipovuka mstari baiskeli ilimponyoka, akaanguka kwenye changarawe, nasi tukamkimbilia na maji. Hakuomba maji. Hakuuliza saa. Alimtafuta Leonie kwa macho, na alipomwona akasema, "Nimelifunga."

Leonie akasema, "Najua."

Bi. Rasmussen akasoma muda. Leonie ameshinda kwa sekunde kumi na moja. Nafasi ni yake, na jina lake ni safi kuliko lilivyokuwa kabla halijachafuliwa. Rosalind amemwambia kwamba pwani atalala kwao, na kwamba huko hakuna malango, kwa hiyo asisimamesimame. Norm Weatherall aliondoka akaenda nyuma ya stesheni kutazama kitu ambacho hakikuwepo, na tulimwachia nafasi yake.

Bi. Rasmussen aliniambia, akipanda gari, kwamba mwakani mbio zetu zitahesabiwa tena, na kwamba kanuni itaongezwa inayohusu malango. Nilitaka kumshukuru ipasavyo. Nilichoweza ni kumwambia abaki na ile kofia.

Rosalind ameniachia tyubu yake nikuletee. Anasema ulimrudishia kwa makosa, kwani yeye hakuisahau pale, aliifunga. Utaamua mwenyewe pa kuiweka.

Yamebaki ya klabu. Nimetumwa tena kuwashukuru kwa maandishi wote waliofanikisha mbio zetu, na safari hii jina lako ni la kwanza. Tunakushukuru, Bi. Verna Schirmer, kwa kulilinda lango tangu mwanzo hadi mwisho.

Hii usiirudishe. Ni yako.

Alwyn